Misali na Watu wa Dago: Historia ya Jumuiya Iliyowaendea Wavuvi Kambini

Aghalabu serikali na wafadhili waliotaka kuwatendea hisani watu wanaohamahama katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki wameianza kazi yao kwa sharti moja, nalo ni kwamba watu hao kwanza waache kuhama. Wamasai wa Tanzania Bara walikusanywa vijijini katika Operesheni Imparnati ya mwaka 1974, kwa hoja kuwa shule, zahanati na bomba la maji haviwezi kumfuata mfugaji nyuma ya ng'ombe wake. Na Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi walijengewa makazi zaidi ya mara moja, wakakaa kwa muda, kisha wengi wao wakarudi porini walikozoea kutafuta riziki. Nia ya waliofanya hayo ilikuwa njema mara nyingi, wala si azma yangu kuitia doa. Lakini maadamu mtu hahami kwa ujinga bali kwa sababu mvua, malisho, wanyama au samaki havikai mahali pamoja, kumtaka atulie kabla ya kusaidiwa ni kumtaka aache kwanza kile kinachomlisha. Kwa hiyo yafaa kuikumbuka, kwa taadhima inayoistahili, taasisi moja ndogo ya kisiwani Pemba ambayo ilipewa watu wasiotulia, ikaianzia kazi yake upande wa pili: iliwaendea kambini mwao, ikazungumza nao papo hapo walipo. Taasisi hiyo ni Jumuiya ya Hifadhi ya Kisiwa cha Misali, ijulikanayo kwa herufi zake MICA, na watu wake ni wavuvi wa dago.

Wambaa ni mahali pema pa kuianzia historia hii, kwa kuwa Misali iko mbele ya macho yake. Ni shehia ya Wilaya ya Mkoani, katika Mkoa wa Kusini Pemba, upande wa kaskazini wa mji wa Mkoani. Nyuma yake kuna vilima vya mikarafuu na minazi, na mikarafuu hiyo ya Pemba ilipanda daraja baada ya tufani ya mwaka 1872 kuyaangusha mashamba ya Unguja na kukiacha kisiwa hiki jirani kuwa ndicho chenye kulisha masoko ya dunia. Mbele yake kuna ufuo mrefu wa mchanga na bahari inayoelekea machweo, na katika bahari hiyo kisiwa cha Misali kinaonekana bila ya darubini. Mtu wa Wambaa ni mkulima na mvuvi kwa pamoja. Karafuu ikizaa huwa juu ya mti, na isipozaa huwa majini. Na kwa kuwa karafuu haizai vizuri kila mwaka, bahari ndiyo iliyobaki kuwa tegemeo lisilokuwa na mwaka wa likizo. Ndiyo maana khatima ya Misali, kisiwa kisichokuwa na kijiji hata kimoja, imewashughulisha watu wa Wambaa, wa Wesha, wa Ndagoni na wa vijiji vingine vingi vya pwani ya magharibi kana kwamba ni kiwanja kilichopakana na nyumba zao.

Kabla sijaingia katika habari ya jumuiya yenyewe sina budi kueleza dago, kwa sababu asiyelijua hataona ugumu wa kazi iliyofanyika. Dago ni kambi ya wavuvi walio mbali na kwao. Samaki hufuata pepo na mikondo. Kaskazi ikivuma, kuanzia Disemba hadi Machi, wako mahali, na kusi ikishika, kuanzia Aprili hadi Septemba, wako pengine. Na mvuvi mwenye akili hungoja maleleji, pepo zinapobadilishana zamu na bahari ikalala, akapakia nyavu, mchele, chumvi na mapipa ya maji, akaondoka na wenzake kwa wiki, kwa miezi, na mara nyingine kwa msimu mzima. Watu wa Kojani, kisiwa kidogo kilicho upande wa mashariki wa Pemba, ndio wanaotajika zaidi kwa kazi hii, na madago ya Wapemba kwa jumla yamefika Tanga, Pangani, Mafia na Kilwa, na kwa upande wa Kenya yamefika Vanga, Shimoni, Malindi na Lamu. Wengine huenda mbali hivyo. Wengine, kama wengi wa pwani ya Wambaa, dago lao liko karibu, safari ya saa chache kwa ngalawa au mashua, nalo ni Misali.

Kambi yenyewe ni vibanda vya makuti, au tanga lililotandazwa juu ya miti, mafiga matatu ya kupikia, kamba za kuanikia nyavu, na vichanja vya ng'onda vinavyokaushwa kwa chumvi na jua. Humo muna utawala wake. Nahodha ndiye mwenye amri, naye haishiki amri hiyo kwa ukali bali kwa uzoefu wa kujua bamvua na maji mafu, na kujua ni usiku upi wa giza unaofaa kwa dagaa. Mapato hugawanywa kwa mafungu: gharama za chakula na mafuta huondolewa kwanza, kisha chombo hupata fungu lake, nyavu fungu lake, na mabaharia mafungu yao, na nahodha huongezewa kwa dhima aliyoichukua. Wala mgeni wa dago hajiingilii tu katika bahari ya watu. Ada njema ni kwamba huja na barua au salamu za wakubwa wa kwao, hujitambulisha kwa sheha, yaani mkuu wa shehia, na kwa wazee wa diko, pwani ya kushukia vyombo, anakofikia, hutoa cha ubani, huulizwa anatumia zana gani, na hupewa masharti ya mahali. Hii ni sheria iliyokuwapo kabla ya sheria, na naitaja kwa urefu kwa kuwa wataalamu wengi walioingia katika uvuvi wetu walidhani wamekuta bahari isiyokuwa na mwenyewe.

Hata hivyo, ada hiyo nzuri haikuwatosha watu wa dago katika mambo ya dola. Mvuvi wa dago jina lake limo katika daftari la sheha wa kwao, lakini mkutano ukiitishwa yeye hayupo. Mradi ukija kugawa nyavu, umemkosa. Mkopo ukitolewa kwa mwenye dhamana ya shamba au nyumba, hana cha kuweka. Mwanawe wa kiume, akifika umri wa kuweza kuvuta kamba, hulikimbia darasa na kumfuata baba. Na mkewe, ambaye ndiye mwenye nyumba kwa miezi mingi ya mwaka, hulima muhogo, huokota chaza na kombe katika maji ya kupwa, hushona makuti, na tangu kilimo cha mwani kilipoanza kuenea Zanzibar mwaka 1989, wanawake wengi kama yeye wamelima mwani. Akiwa dagoni mvuvi si mwenyeji, na akiwa kwao ni mtu anayejiandaa kuondoka. Serikali yoyote inayohesabu watu kwa mahali wanapolala lazima impoteze mtu wa namna hii, na impoteze bila ya kukusudia.

Misali ni kisiwa kidogo, kiasi cha kilomita moja ya mraba, kimezungukwa na miamba ya matumbawe, na upande wake wa magharibi bahari huporomoka ghafla kuingia katika Mkondo wa Pemba, ambao kina chake ni mamia ya mita. Kwa sababu ya kina hicho na mkondo usiokoma, miamba yake hupata maji safi na chakula kila siku, na samaki wa mwambani, changu, tasi na chewa, hukutana na samaki wa maji makuu, jodari, nguru na kolekole, mahali pamoja. Kasa hutaga katika fukwe zake, na kaa wa nazi, kiumbe adimu anayepanda miti, bado yupo katika msitu wake. Watu waliohesabu katika miaka ya 1990 walikuta kwamba zaidi ya wavuvi 1,600, kutoka shehia kama 29, waliitegemea bahari ya Misali kwa njia moja au nyingine, na nyuma ya kila mmoja wao kulikuwa na nyumba yenye watu wa kulishwa. Sidhani kama kuna shamba kisiwani Pemba, liwe la karafuu au la mpunga, ambalo kwa ukubwa wa eneo lake limelisha watu wengi namna hiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati Zanzibar ilipofungua milango kwa watalii na wawekezaji, kulitokea shauri la kukikodisha kisiwa hicho kwa ajili ya hoteli. Wenye shauri hilo waliona kisiwa kitupu. Hakuna nyumba, hakuna msikiti wa mawe, hakuna shamba. Vibanda vya makuti ambavyo leo vipo na kesho vimeng'olewa havikuonekana kuwa ni makazi ya mtu, na mtu ambaye makazi yake hayaonekani haki yake huwa ngumu kuonekana vilevile. Wavuvi walipopata habari walikataa, na kukataa kwao kulikuwa ndilo jambo la kwanza walilolifanya kwa pamoja, watu wa vijiji mbalimbali ambao kabla ya hapo walikuwa washindani zaidi kuliko washirika. Kwa maoni yangu jumuiya ilizaliwa siku zile, ijapokuwa haikuwa na jina wala muhuri. Serikali, na yapasa ishukuriwe kwa hili, ilisikia. Hoteli haikujengwa, na Misali ikashikwa njia nyingine.

Njia hiyo ilipata msingi wa kisheria kwa Sheria ya Mazingira ya Zanzibar ya mwaka 1996, na katika mwaka 1998 Misali ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi, kisiwa pamoja na bahari inayokizunguka. Katika miaka hiyo hiyo MICA ikaundwa na kusajiliwa kuwa jumuiya isiyo ya kiserikali, yenye wajumbe kutoka vijiji vinavyoitumia Misali, ishirikiane na idara ya serikali iliyosimamia maliasili na kusaidiwa na shirika la CARE, ambalo wakati ule lilikuwa likifanya kazi kama hiyo Unguja katika msitu wa Jozani. Zanzibar ilikuwa tayari na hifadhi za bahari za Chumbe na Menai, kila moja kwa mtindo wake: Chumbe iliendeshwa na kampuni binafsi, na Menai ilikuwa ghuba yenye vijiji pembezoni mwake. Misali haikuwa na mwekezaji wala kijiji. Ilikuwa na wasafiri. Na hapo ndipo palipotakiwa tadbiri mpya.

Tadbiri yenyewe, ukiitazama leo, ni nyepesi kueleza, lakini haikuwa nyepesi kuifikia. Dago halikupigwa marufuku. Watu walioshauri kwamba kisiwa kifungwe kabisa, kiachiwe kasa na watalii, hawakufuatwa. Na badala yake sehemu ndogo tu ya bahari, kiasi cha kilomita za mraba 1.4 upande wa magharibi, iliwekwa kuwa mahali pasipovuliwa hata kwa mshipi, ili samaki wazae na kukua na kuyatawanyikia maji ya jirani, na sehemu iliyobaki, iliyo kubwa mara nyingi zaidi, ikaachwa kwa wavuvi kwa masharti ya zana. Mshipi, dema na nyavu halali ziliruhusiwa. Baruti, sumu ya utupa, bunduki ya mishale, na uvuvi wa kigumi, ambao watu huyapiga matumbawe kwa miti ili kuwakurupusha samaki waingie wavuni, vilikatazwa. Kambi iliendelea kuwapo kisiwani, katika sehemu iliyokubaliwa, na wageni wa kutazama miamba walipokewa upande wa Mbuyuni na kulipa ada, na sehemu ya ada hiyo ilikusudiwa kurejea kwa jamii. Mpaka wa eneo lisilovuliwa haukuchorwa mezani peke yake. Wavuvi walikaa katika vikao, wakagombana, wakataja miamba kwa majina yake ambayo hayakuwamo katika ramani yoyote, wakajua wapi wakitoa hawatakufa njaa na wapi hawawezi kutoa. Askari wa doria walitoka miongoni mwa watu wa vijiji hivyo hivyo. Mtu aliyekamatwa na baruti hakukamatwa na mgeni wa mjini. Alikamatwa na mtu anayejua jina la mamake, na aibu ya namna hiyo ina nguvu ambayo faini haina.

Yafaa pia kukumbuka kwamba mwaka uleule wa 1998 bahari yote ya magharibi ya Hindi ilipatwa na joto lisilo la kawaida, na matumbawe yakapauka na kufa kutoka Shelisheli mpaka Msumbiji, na Misali haikusalimika. Jumuiya changa ilitangaziwa hifadhi yake na huku mwamba unakufa kwa sababu isiyotokana na mvuvi hata mmoja wa Pemba. Ingekuwa rahisi wavuvi kusema kwamba wamedanganywa, kwamba wameacha kuvua mahali ambapo mwamba unakufa mwenyewe. Wengine walisema. Lakini wengi walibaki katika mapatano, na ukweli kwamba miamba ya upande uliohifadhiwa ilipata nafasi ya kuota upya bila ya kupigwa kwa miti na kulipuliwa ni tunda la ustahamilivu wao.

Nini kiliwafanya wabaki? Wafadhili hupenda kujibu kwamba ni elimu, na elimu ilikuwapo. Mimi nasadiki kwamba dini ilifanya zaidi. Pemba ni kisiwa cha Waislamu karibu wote, na mvuvi wa dago, ambaye hana muda wa semina, ana muda wa sala. Hata kambini hutandikwa jamvi na mmoja akawa imamu. Fauka ya hayo, Misali ina heshima yake ya kale. Husimuliwa kwamba Nabii Khidhri, amani iwe juu yake, alifika kwa wavuvi wa hapo akaomba msala wa kusalia, na alipoambiwa hawana, akasema kisiwa chenyewe kimeelekea kibla na kitamtosha. Na mapango ya Mpapaini hadi zama zetu yameendewa na watu wenye nadhiri na dua zao. Kisiwa ambacho nabii amesali juu yake si mahali pa kulipua baruti. Jambo hili wavuvi walilijua nyoyoni, lakini halikuwahi kuunganishwa na sheria za uvuvi mpaka CARE na MICA walipowashirikisha masheikh na maimamu wa vijiji, pamoja na Fazlun Khalid, mwanzilishi wa taasisi ya Kiislamu ya elimu ya mazingira yenye makao yake Birmingham, Uingereza, katika kuitafuta misingi ya hifadhi ndani ya Uislamu wenyewe.

Misingi hiyo haikuwa migeni kwa yeyote aliyepita chuoni. Kwamba mwanadamu ni khalifa katika ardhi na atahojiwa kwa alichokabidhiwa. Kwamba viumbe vimewekwa kwa mizani na si ruhusa kuipunja. Kwamba israfu ni haramu hata katika neema. Kwamba Surat Ar-Rum imeuhusisha uharibifu wa bara na bahari na matendo ya watu wenyewe. Na kwamba sharia ya Kiislamu tangu zamani inaijua hima, ardhi iliyotengwa kwa maslahi ya wote isiguswe na mmoja: haya yalihubiriwa katika khutba za Ijumaa, katika darsa baina ya magharibi na isha, na katika vyuo vya Kur'ani. Tofauti yake na mabango ya idara ilikuwa moja na kubwa. Bango hubaki bandarini mvuvi anapoondoka, lakini haramu na halali husafiri naye. Mvuvi wa Wambaa aliyesadiki kwamba baruti ni ufisadi hakuiacha kule Misali peke yake, bali aliiacha hata alipokuwa Pangani ambako hakuna mlinzi wa MICA. Kwa watu wa kuhamahama sheria inayokaa moyoni ni bora kuliko sheria inayokaa mahali, na sijui jumuiya nyingine ya uvuvi katika pwani yetu iliyoufahamu ukweli huu mapema kama hii ya Misali.

Upande wa nyumbani, kwa wanawake, kazi ilichukua sura ya kisanduku. Utaratibu wa vikundi vya kuweka na kukopa ambao CARE iliuanzisha Niger mwaka 1991 uliletwa Zanzibar, na Pemba ukazaa vikundi vilivyokuja kuunganishwa chini ya PESACA, jumuiya ya kuweka na kukopa ya Pemba. Watu kama ishirini hadi thelathini hukutana, hununua hisa kwa kiasi wanachokubaliana wenyewe, hufungia fedha katika kisanduku chenye kufuli tatu ambazo funguo zake zimo mikononi mwa watu watatu tofauti, hukopeshana, na mwisho wa mzunguko wa mwaka hugawana kilichopatikana. Hakuna benki, hakuna hati ya shamba, hakuna safari ya kwenda Chake Chake. Mume akiwa dagoni, mke ndiye mwanachama. Na mume akirudi na fungu lake, sehemu yake huingia kisandukuni kabla haijatawanyika. Nimewasikia watu wakivitaja vikundi hivi kana kwamba ni tawi dogo la hifadhi, la kufurahisha wanawake. Mimi nadhani kinyume. Mvuvi asiyekuwa na akiba hawezi kuacha kuvua hata siku moja, na asiyeweza kuacha siku moja hawezi kuukubali mwamba ufungwe mwaka mzima. Kile kisanduku ndicho kilichonunua subira ya mwamba.

Mambo haya hayakutokea Pemba peke yake. Wavezo wa kusini-magharibi ya Madagaska, watu ambao huhama na familia zao kwa mitumbwi na kulala chini ya matanga yao visiwani, mwaka 2004 walijaribu kufunga sehemu ya mwamba wa pweza karibu na Andavadoaka kwa miezi kadhaa, wakafungua, wakapata pweza wakubwa kuliko walivyozoea. Na kutokana na hayo vijiji vyao vikaungana mwaka 2006 katika eneo la hifadhi linaloitwa Velondriake. Mtindo huo wa kufunga na kufungua ulivuka bahari, na katika miaka ya 2010 watu wa Kisiwa Panza, kusini ya Pemba, kwa msaada wa mtandao wa jamii za pwani uitwao Mwambao, wakaufuata. Wavuvi wa dago na Wavezo hawakuwahi kukaa meza moja zamani, lakini wamefikia shauri linalofanana, yaani mwenye kuhama anaweza kulinda, maadamu ulinzi umewekwa kwa kalenda ya bahari na si kwa kalenda ya ofisi.

Mwaka 2005 serikali ililitanua wazo la Misali kwa kuitangaza Hifadhi ya Mkondo wa Bahari ya Pemba, iliyojumuisha pwani ya magharibi ya kisiwa, na Misali ikawa sehemu moja ndani yake. Mradi mkubwa wa usimamizi wa bahari na pwani uliofadhiliwa na Benki ya Dunia ulifuata, kamati za uvuvi za shehia zikaundwa au kuimarishwa, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2010 ikaja kuchukua nafasi ya ile ya 1988. Hatua hii ilikuwa na faida, kwani samaki hawajui mpaka wa Misali, na kulinda kisiwa kimoja huku pwani nzima iko wazi ni kufunga mlango mmoja wa nyumba yenye milango kumi. Lakini haki inanilazimu kusema kwamba kitu fulani kilipungua. Kamati ya shehia ni kamati ya wakazi. Wambaa ina kamati yake na jirani zake wana zao, na kila moja inawajua watu wake wanaolala pale. Bali dago, ambalo wenyewe wake hutoka shehia nyingi na hakuna shehia inayoliita lake, halina kiti cha hakika katika mpango huo. Kwa MICA mvuvi alikuwa mwanachama kwa kuwa anaitumia Misali. Katika utaratibu mpya yeye ni mkazi wa kwao na mgeni kwingineko, tena mgeni anayetiliwa shaka, kwa kuwa yakitokea mavuno kupungua mtu wa kwanza kulaumiwa ni yule atakayeondoka. Hukumu yangu ni kwamba ukubwa ulipatikana, na ule ujuzi wa kuwaendea watu walipo ukaachwa nyuma kidogo.

Nani anaweza kusema jambo hili ni dogo, akikumbuka yaliyowapata Wapemba wa Kenya? Hao ni wavuvi na wana wa wavuvi waliokwenda dago katika pwani ya Kwale na Kilifi, baadhi yao tangu kabla ya uhuru wa 1963, wakakaa, wakaoa, wakazaa, na wakaishi kwa miongo bila ya kitambulisho cha nchi yoyote. Hawakuweza kusajili chombo kwa majina yao, wala kufungua akaunti ya benki, wala watoto wao kuendelea na masomo bila ya tabu. Wamakonde wa Kenya waliokuwa katika hali kama hiyo walitambuliwa baada ya kutembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016, na Wapemba wakangoja hadi mwaka 2023, Rais William Ruto alipowatambua kuwa raia na kuwakabidhi vitambulisho huko Kilifi. Kati ya safari ya kwanza ya dago na karatasi ile kuna umri mzima wa mtu. Hawakunyimwa haki na adui. Walikosa tu daftari ambalo majina yao yangeandikwa.

Tangu simu za pesa zienee, mvuvi aliye Shimoni au Mafia humtumia mkewe wa Wambaa fedha jioni ileile samaki walipouzwa, na barua ya sheha inaweza kufika kabla ya chombo. Kwa hiyo udhuru wa kale, kwamba watu wa dago hawashikiki, umekwisha. Kinachobaki ni nia. Nawaomba wenye dhamana ya Hifadhi ya Mkondo wa Bahari ya Pemba, na kamati za uvuvi za shehia za Mkoani na Chake Chake, walitambue dago kuwa ni jamii yenye haki ya kuwakilishwa: nahodha wa kambi ya Misali awe na kiti katika kikao, kwa jina la kambi na si kwa jina la shehia alikotoka; vikao vinavyohusu bahari viitishwe wakati wa maji mafu, au katika siku za mwisho za Shaabani wavuvi wanaporejea kwao kufunga Ramadhani, wala visiitishwe katikati ya msimu wakati diko limebaki na wazee na watoto; na mapatano ya mwaka 1998 yaliyofikiwa na wavuvi wenyewe kwa majina ya miamba yao yasomwe tena mbele ya vijana ambao hawakuwa wamezaliwa yalipofungwa. Nanyi vijana wa Wambaa mnaojifunza kuandika na kurekodi kwa simu zenu, waendeeni wazee waliokaa katika vikao vile kabla hawajatutoka, muwaulize majina ya miamba, na myaandike.